Halmashauri Zilinganishwe na Rika Lao

Mzazi anayeishi Nkuhungu, katika Jiji la Dodoma, anapompeleka mtoto wake kuanza darasa la kwanza haulizi Jiji hilo limekuwa la ngapi kitaifa. Huuliza kama darasani kuna nafasi, kama mwalimu yupo, na kama bomba la shule linatoa maji. Ofisini, hata hivyo, swali linaloulizwa kila robo ya mwaka wa fedha inapokwisha ni jingine kabisa. Nani amekuwa wa kwanza? Nani amekuwa wa mwisho? Orodha hutangazwa, walio juu hupongezwa, walio chini hutakiwa kutoa maelezo, na haupiti muda mrefu orodha hiyo husahauliwa mpaka robo nyingine iwadie.

Kulinganisha si kosa. Mtendaji asiyetaka kupimwa ana jambo analolificha, na wananchi wanaolipa kodi na ushuru wana haki ya kujua kama fedha zao zinafanya kazi ile ile ambayo fedha za wenzao zinafanya kwingineko. Kosa huingia mapema zaidi, kabla hata ya hesabu kuanza, pale anapochaguliwa yule wa kulinganishwa naye. Wakulima wanaopeleka mahindi yao katika soko la Kibaigwa wanalijua vizuri jambo hili. Gunia la lumbesa na gunia lililoshonwa kwa kipimo halali yote mawili huitwa gunia, lakini anayeyalinganisha kwa jina tu lazima amdhulumu mmoja wa wahusika. Vivyo hivyo, zipo halmashauri zenye jina moja na mzigo usiofanana hata kidogo.

Tanzania Bara ina halmashauri 184. Kuzipanga zote katika mstari mmoja, kuanzia ya kwanza hadi ya 184, ni kazi nyepesi kwa mwenye jedwali. Kueleza kwa nini moja imeishinda nyingine ni kazi ngumu, na hiyo ndiyo kazi yenye faida. Ugumu huo hauwezi kupungua mpaka kila halmashauri ilinganishwe na rika lake, yaani na halmashauri zinazobeba mzigo wa namna moja na wake, katika mazingira ya namna moja na yake.

JINA LA JIJI

Dodoma ni mfano bora wa jambo hili. Tarehe 26 Aprili 2018 mji huu ulipandishwa hadhi kuwa Jiji, ukaungana na Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Tangu hapo imekuwa mazoea kuyatazama majiji hayo sita kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sensa ya mwaka 2022 inaonyesha vinginevyo. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo inayosimamia Wilaya ya Ilala, ilikuwa na watu 1,649,912. Jiji la Tanga lilikuwa na watu 393,429. La kwanza ni zaidi ya mara nne ya la pili, na bado katika jedwali la majiji huwekwa bega kwa bega.

Huenda mtu akasema kuwa tofauti hiyo huondoka pale hesabu inapofanywa kwa kila mkazi. Hesabu ya namna hiyo inasaidia, ila haitoshi. Tazama Dodoma na Arusha. Katika Sensa ya mwaka 2012, Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956 na Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442. Wakati ule mchumi yeyote angeridhika kuwa miji hii miwili ni rika moja kwa idadi ya watu. Miaka kumi baadaye, Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 Dodoma na watu 617,631 Arusha. Dodoma ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 86, Arusha kwa asilimia 48. Katika kipindi hicho hicho Mbeya iliongezeka kwa asilimia 41, Tanga kwa asilimia 44, na Wilaya ya Nyamagana, ambayo ndiyo Jiji la Mwanza, kwa asilimia 64.

Maana yake kwa huduma ni nzito. Dodoma ilipokea watu 354,223 zaidi katika miaka kumi, idadi inayokaribia Jiji zima la Tanga. Kila mmoja wao alihitaji maji, njia ya kupita, mahali pa kutupa taka, na wengi wao walikuja na watoto wa kwenda shule. Ongezeko hilo halikutokana na uamuzi wa Baraza la Madiwani. Lilitokana kwa sehemu kubwa na uamuzi wa kitaifa, uliofikiwa na TANU mwaka 1973, wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na ambao utekelezaji wake ulipata kasi mpya kuanzia mwaka 2016, wizara zilipohamia moja baada ya nyingine na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba.

Chukua mfano wa hesabu tu. Halmashauri mbili zimejenga kila moja madarasa 200 katika kipindi kimoja, kila darasa kwa wanafunzi 45. Nafasi zilizopatikana ni 9,000 kwa kila halmashauri. Katika halmashauri ya kwanza wanafunzi wameongezeka 9,000, hivyo msongamano uko pale pale ulipokuwa. Katika ya pili wanafunzi wameongezeka 3,000, hivyo watoto 6,000 waliokuwa wamebanana wamepata nafasi. Anayesoma jedwali la wastani wa wanafunzi kwa darasa atamsifu Ofisa Elimu wa halmashauri ya pili na kumhoji yule wa kwanza, ingawa wote wawili wamejenga sawa na huenda yule wa kwanza amefanya kazi kwa shida zaidi. Walimu wa kata zinazopokea wakazi wapya kila mwaka, kama Nkuhungu, hawahitaji kufafanuliwa hesabu hii. Wanaishi nayo kila Januari.

MJI NA VIJIJI NDANI YA MPAKA MMOJA

Tofauti nyingine iko ardhini. Eneo la Jiji la Dodoma linazidi kilomita za mraba 2,500, wakati la Arusha halifiki kilomita za mraba 300. Kwa hesabu ya Sensa ya 2022, Arusha ilikuwa na zaidi ya watu 2,000 katika kila kilomita ya mraba, na Dodoma takriban 300. Ndani ya mpaka wa Dodoma zimo kata 41. Baadhi ni za mjini kabisa, zenye nyumba zilizobanana na maduka yaliyofuatana. Nyingine, kama Hombolo, zina mashamba ya mtama na zabibu, mifugo, na nyumba zilizotawanyika. Lori la kuzoa taka linalotumia lita moja ya mafuta kuzihudumia nyumba nyingi Arusha haliwezi kuzihudumia nyumba idadi ile ile kwa lita moja katika eneo lililotawanyika namna hii. Mganga wa zahanati anayefuata watoto wa chanjo hutembea umbali usiolingana na wa mwenzake wa mjini.

Kwa sababu hiyo, hata wastani wa Jiji lenyewe hautoi habari kamili. Chungu cha moto na chungu cha baridi vikijumlishwa, wastani wake hauivishi ugali. Nkuhungu inaweza kuwa na tatizo la wingi wa watoto katika darasa moja, na Hombolo ikawa na tatizo la umbali wa mtoto kufika darasani, lakini katika taarifa ya Jiji matatizo hayo mawili yakachanganywa na kuonekana kuwa hali ya kuridhisha. Nkuhungu yapasa kulinganishwa na kata za mjini zinazokua kwa kasi, ndani ya Dodoma na katika miji mingine. Hombolo yafaa kulinganishwa na kata za Bahi na Chamwino, wilaya jirani zenye ardhi na mvua za namna moja nayo, ingawa hizo huitwa halmashauri za wilaya na hii iko ndani ya Jiji.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Halmashauri moja haina rika moja tu. Rika hubadilika kwa kadiri ya huduma inayopimwa.

Katika maji, kwa mfano, kinachotawala gharama ni chanzo. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa miaka mingi mji umetegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, ambavyo maji yake lazima yavutwe kwa mitambo inayokula umeme mchana na usiku. Moshi hupata maji ya chemchemi za Kilimanjaro, ambayo hushuka yenyewe kwa mteremko. Mwanza inalo Ziwa Victoria mlangoni. Kulinganisha gharama ya ndoo moja ya maji ya Dodoma na ya Moshi, kisha kumlaumu mhandisi wa Dodoma, ni kumlaumu kwa kosa la jiografia. Rika la Dodoma katika maji liko Singida, mji wa nyanda kame unaotegemea maji ya chini ya ardhi. Singida ni mji mdogo zaidi, na hilo lazima lizingatiwe, lakini mafundi wa miji hiyo miwili wana mengi ya kuulizana: kina cha visima, bei ya umeme, maji yanayopotea njiani. Maswali hayo yana majibu.

Katika madarasa, rika la Dodoma ni miji inayokua haraka, kama Mwanza. Katika ugani na mifugo, ni Bahi na Chamwino. Katika shughuli za makao makuu ya nchi hakuna halmashauri nyingine ya Tanzania ya kulinganishwa nayo, na hapo ni busara kutazama nje. Malawi ilihamisha makao makuu yake kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, na Nigeria ikahamia Abuja mwaka 1991. Lilongwe ni somo la karibu zaidi kwa Dodoma, kwa kuwa ni mji wa nchi yenye uwezo wa kiasi, ilhali Abuja ilijengwa kwa fedha za mafuta.

MAPATO

Eneo ambalo orodha hupendwa zaidi ni la mapato ya ndani. Hapa Dodoma ilipata sifa kubwa. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Jiji hilo lilitangazwa kuongoza kwa wingi wa makusanyo. Jambo hilo lilikuwa la kweli na la kupongezwa, lakini lina historia yake. Kuanzia mwaka 1973 ardhi ya Dodoma ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na Manispaa ilibaki na jukumu la huduma bila kuwa na usemi juu ya viwanja. Mei 2017 Mamlaka hiyo ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa. Upimaji na uuzaji wa viwanja ukawa nguzo kubwa ya mapato. Hakuna halmashauri nyingine nchini iliyorithi mamlaka kubwa ya ardhi kwa namna ile, katika mji ambao kila mtumishi aliyehamia alitafuta mahali pa kujenga.

Kiwanja huuzwa mara moja. Ushuru wa huduma, leseni na ada za masoko hurudi kila mwaka. Halmashauri iliyotaka kujifunza kutoka Dodoma kwa kutazama jumla ya makusanyo tu ingerudi kwake na somo lisilotumika, na Dodoma nayo, kama ingejilinganisha na Arusha au Dar es Salaam kwa jumla hiyo, ingejiona tajiri kuliko ilivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ulinganishi wa haki ungetenga mapato ya mara moja na mapato ya kudumu, kisha ukauliza kila moja limetumika kujenga nini.

Upo pia mtego wa kupima kwa asilimia ya makisio. Halmashauri inayojiwekea lengo la chini huvuka lengo kabla mwaka haujaisha na kupongezwa, na ile iliyojipa lengo la kishujaa ikafikia sehemu kubwa ya lengo hilo huitwa mzembe. Hati safi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nayo huchukuliwa na baadhi ya watu kuwa cheti cha huduma bora. Hati hiyo ina thamani yake, kwani huthibitisha kuwa hesabu zimeandaliwa kwa kufuata taratibu. Haisemi kama mama mjamzito wa Nkuhungu alimkuta mkunga.

SOMO LA SHULE

Walimu wamelipitia jambo hili kwa machungu kuliko watumishi wengine. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, shule zilipangwa kwa matokeo ya mitihani kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Shule inayochagua wanafunzi wake kwa mtihani wa kujiunga iliwekwa mstari mmoja na shule ya kata inayopokea kila mtoto anayefika mlangoni. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa, shule za kata za miji inayokua zilipokea watoto wengi kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu aliyewafikisha nusu ya wanafunzi wa namna hiyo kwenye ufaulu huenda amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake aliyefaulisha wote, lakini orodha haikuwa na safu ya kuandikia kazi hiyo.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, likieleza kuwa utaratibu huo hauna tija. Uamuzi huo uliwapa wengi nafuu. Hata hivyo, yapo makosa mawili yanayoweza kufanyika baada yake. La kwanza ni kurudi kwenye orodha ile kwa mlango wa nyuma, kwa kupanga halmashauri na kata badala ya shule. La pili ni kudhani kuwa kulinganisha kokote ni dhuluma, na kwa hiyo kila shule iachwe na hali yake. Shule mbili za kata moja, zenye wazazi wa hali moja na msongamano mmoja, zikitofautiana sana katika kusoma na kuandika kwa watoto wa darasa la tatu, tofauti hiyo haiwezi kusingiziwa mazingira. Hapo pana jambo ambalo mwalimu mkuu wa shule moja analijua na mwenzake hajalijua. Kulificha jambo hilo kwa hofu ya kuumiza watu ni kuwaumiza watoto.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wapo wanaohofia kuwa rika litakuwa maficho. Kila Mkurugenzi, husema, atatafuta halmashauri dhaifu za kusimama nazo ili aonekane mrefu. Hofu hii ina msingi, na dawa yake iko katika utaratibu. Rika lichaguliwe kabla ya matokeo kujulikana. Lichaguliwe kwa mambo ambayo halmashauri haina uwezo wa kuyabadilisha katika muda mfupi: idadi ya watu, kasi ya kuongezeka kwao, ukubwa wa eneo, hali ya mvua na chanzo cha maji, na aina ya uchumi. Kamwe lisichaguliwe kwa idadi ya madarasa au ubora wa zahanati, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopimwa. Likishachaguliwa, litangazwe pamoja na sababu zake, lidumu kwa miaka kadhaa, na lipitiwe upya kila Sensa inapotoa takwimu mpya. Mfano wa Dodoma na Arusha umeonyesha kuwa rika la mwaka 2012 linaweza kuwa limepitwa na wakati ifikapo 2022. Tena rika lisiwe halmashauri moja, bali tano, sita au zaidi, ili asiwepo wa kuchagua mpinzani anayempenda.

Wengine hupinga kwa hoja nzito zaidi. Mtoto wa Nkuhungu, husema, ni raia sawa na mtoto wa Arusha au wa Moshi. Kwa nini aambiwe kuwa darasa lake la watoto wengi ni zuri kwa kulinganisha na madarasa ya miji inayokua kama wake? Hoja hii ni ya haki, na jibu lake ni kwamba yapo maswali mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. Swali la kwanza ni kama mwananchi amepata anachostahili. Hili hujibiwa kwa kiwango cha taifa, ambacho ni kimoja kwa wote, na hakuna rika linaloweza kukipunguza. Swali la pili ni kama watendaji wamefanya yale yaliyowezekana kwa mazingira na fedha walizonazo. Hili ndilo hujibiwa kwa rika. Halmashauri inaweza kuwa ya kwanza katika rika lake na bado ikawa mbali na kiwango cha taifa. Hapo lawama haiwaendei walimu na waganga. Hapo Hazina na TAMISEMI zinapata ushahidi kuwa kinachopungua ni fedha na watumishi. Na halmashauri inaweza kuwa imefikia kiwango cha taifa kwa bahati ya mazingira yake, huku ikiwa ya mwisho katika rika lake. Huyo ndiye mzembe ambaye orodha ya kawaida humficha.

Kanuni ya kuzingatia mazingira si ngeni katika Serikali. Mwaka wa fedha 2004/05 ruzuku za huduma zilianza kugawiwa halmashauri kwa kanuni. Katika ruzuku ya afya, asilimia 70 ilifuata idadi ya watu, na asilimia 10 ikawekwa kwa kila moja ya mambo matatu: umaskini, urefu wa njia za magari ya huduma, na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. EWURA, katika kupima mamlaka za maji, hutenga zile za mikoa na zile za miji midogo. Mashindano ya usafi wa mazingira yana makundi ya majiji, manispaa, miji na wilaya. Msingi umekwisha wekwa. Kilichobaki ni kuondoka kwenye makundi ya vyeo na kwenda kwenye makundi ya mizigo.

Nchi nyingine zimetangulia katika njia hii. Norway, kwa mfumo wake wa KOSTRA ulioenea nchi nzima tangu mwaka 2001, huweka manispaa zake katika makundi kwa idadi ya watu, gharama zisizoepukika na mapato ya hiari, kisha takwimu zote huwekwa wazi kwa umma. Uingereza, taasisi ya wahasibu wa umma ya CIPFA huzitafutia halmashauri majirani wao wa karibu, si kwa ramani bali kwa kufanana kwa hali zao. Halmashauri ya pwani ya kaskazini inaweza kuwa na jirani wa namna hiyo katika pwani ya kusini. Hakuna haja ya kunakili mifumo hiyo kama ilivyo, kwani takwimu zake ni za nchi tajiri. Ila wazo lake halihitaji utajiri.

KAZI INAYOBAKI

Historia ya serikali za mitaa nchini inatoa onyo moja. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kwa kutumaini kuwa wataalamu waliopelekwa mikoani wangeleta maendeleo kwa kasi zaidi. Huduma za miji zilizorota, halmashauri za miji zikarejeshwa kuanzia mwaka 1978, sheria mpya zikatungwa mwaka 1982, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kuwa kuzifuta serikali za mitaa kulikuwa kosa. Ibara za 145 na 146 za Katiba zimeweka bayana kuwa vyombo hivi vipo kwa ajili ya kuwapa wananchi madaraka. Ulinganishi unaofanywa makao makuu, ukatangazwa na makao makuu na kusomwa na makao makuu, unarudisha mambo nyuma kwa mlango mwingine. Mwenye kustahili kwanza kusoma matokeo ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, wazazi na wakazi wa mtaa.

Takwimu za kufanya kazi hii zipo. Walimu hujaza idadi ya wanafunzi, zahanati hujaza vitabu vya MTUHA, wahasibu hutoa taarifa za fedha. Watumishi hawa wamechoka kujaza fomu ambazo hazirudi kwao na jibu lolote. Itakuwa heshima kubwa kwao kama mwalimu mkuu wa Nkuhungu atapokea karatasi moja inayomwonyesha shule tano zenye hali kama ya kwake, zimefanya nini na kwa watumishi wangapi.

Karatasi hiyo ifuatwe na safari ya kazi. Ziara za mafunzo zimezoeleka sana, basi likajaa wajumbe, posho zikalipwa, picha zikapigwa, na mji uliotembelewa ukachaguliwa kwa uzuri wake. Aende mhandisi wa maji kwa mhandisi mwenzake, mwalimu kwa mwalimu, mkunga kwa mkunga, kwa siku mbili tatu, na arudi na jambo moja la kujaribu. Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kiko mjini Dodoma. Vyote viwili vinaweza kupewa kazi ya kuyachambua marika haya, ili asiye na maslahi katika matokeo ndiye apange nani alinganishwe na nani.

Dodoma, ikiwa makao makuu, ina wajibu wa kuanza. Jiji hili halina haja ya kushindania nafasi ya kwanza dhidi ya miji ambayo haikupewa mzigo wake, wala halina ruhusa ya kujificha nyuma ya mzigo huo. Lichague rika lake kwa kila huduma, lilitangaze mbele ya madiwani, na libandike matokeo katika ofisi za kata, ya Nkuhungu na ya Hombolo, kwa lugha ambayo kila mkazi ataisoma. Mzazi atakayesimama mbele ya ubao ule ataona darasa la mtoto wake likoje, linapaswa kuwaje, na ni nani, kati ya waliokuwa na hali kama ya Nkuhungu, ameweza kulifanya kuwa bora. Akishajua hayo, atakuwa na la kumuuliza Diwani wake.